Kipimo cha Shaba

Nje ya mlango wa ghala la baruti palikuwa na jozi moja tu ya viatu. Kila asubuhi mzee alivivua pale pale, akaelekeza ncha zake barabarani kama mtu anayejua kwamba ipo siku atatoka mbio, kisha akaanza kujipunguza. Simu aliiweka kwenye kishubaka cha ukutani. Funguo za nyumbani nazo humo humo. Mkanda wenye kifungo cha chuma ukafuata, na suruali akaishikilia kwa mkono mpaka amalize kufunga utepe wa kitambaa. Akishajivua vya duniani alivaa ndara za pamba alizoshonewa na marehemu mkewe, akagusa bomba la maji lililochimbiwa ardhini ili umeme wa mwilini, kama upo, uende zake. Hapo ndipo alipovuta mlango.

Walenga shabaha wa chama walimwita Mzee Taratibu. Walimtania kwamba chai huipuliza mara saba kabla ya kuinywa, na kwamba siku mtoa roho atakapomjia, ataambiwa avue viatu kwanza. Mzee alicheka nao. Walikuja Jumamosi tu, na kicheko cha Jumamosi ilibidi akitumie mpaka Ijumaa.

Ghala lenyewe lilikuwa chumba cha matofali, hatua nne kwa tano, mbali na uwanja wa shabaha na mbali zaidi na ofisi. Taa ya umeme haikuwamo. Mwanga uliingia kwa dirisha dogo la juu. Rafu zilikuwa za mbao, zimeshikizwa kwa vigingi vya mbao, bila msumari hata mmoja, kwa kuwa chuma kikigongana na chuma huzaa cheche. Juu ya rafu yalipangwa makopo tisa ya baruti nyeusi, kila moja likiwa la kiwandani, lebo ikitazama mbele. Kopo moja tu ndilo lililoruhusiwa kuwa wazi kwa wakati mmoja, nalo kwa muda wa kumimina tu. "Baruti haina adabu," alizoea kuwaambia wanafunzi, "lakini haina hila pia. Itakufanyia kile kile ulichoiruhusu."

Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliopenda magobore, zile bunduki za kale zinazojazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, goroli juu yake, kisha vyote vikashindiliwa kwa mdeki, ile fimbo yake ndefu. Aliwafundisha mengi, ila moja aliwaambia hata wakachoka. Usimimine baruti kutoka kwenye pembe, ile pembe ya ng'ombe ya kubebea baruti, moja kwa moja ndani ya mtutu. Mimina kwenye kipimo, kile kikopo kidogo cha shaba. Funga pembe, iweke nyuma yako. Ndipo kipimo kiende kwenye mdomo wa mtutu, na uso wako uwe pembeni. Mtutu uliotoka kupigwa huweza kuficha kaa la moto chini kabisa, kaa dogo kuliko punje ya mchele. Likikutana na kipimo kimoja, litakuunguza nyusi na utapata cha kusimulia. Likikutana na pembe nzima, watasimulia wengine.

Baada ya somo aliwafungulia daftari la ajali, ukurasa wa sita, wakasoma kwa sauti na kutia sahihi. Ukurasa ule ulikuwa na ajali moja, ya miaka kumi na moja iliyopita, imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: *Mpigaji alimimina baruti kutoka kwenye pembe, bila kipimo. Pembe ililipuka. Alipoteza kidole gumba na vidole viwili vya mkono wa kulia. Sababu: uzembe wa mpigaji.*

Kila neno la maandishi yale lilikuwa la kweli isipokuwa yale matatu ya mwisho. Waliojua hayo walikuwa wawili duniani: mzee, na mpigaji, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Siku ile ya mashindano mdogo wake alikuwa amebakiwa na risasi moja na dakika isiyotimia. Mzee alikuwa mtunza baruti na mshika saa kwa pamoja. Mdogo wake akapapasa meza, akapapasa tena, akageuka. "Kaka, kipimo kiko wapi?" Mzee akaitazama saa. Kikombe cha ushindi kilikuwa karibu kuingia katika familia yao, na roho yake ilikuwa juu juu. "Mimina tu," akasema. "Saa inakwenda." Mdogo wake akamtazama, ule mtazamo wa mtu anayejua kanuni, kisha akatii, maana toka utotoni alikuwa akitii. Jioni mzee alipovua shati lenye damu ya ndugu yake, kipimo cha shaba kilianguka kutoka mfukoni kikabingirika chini ya kitanda. Alikuwa amekiokota mwenyewe mezani wakati akipangapanga vitu, maana hakupenda meza iliyotapakaa.

Hospitali alikwenda mara moja tu. Alikaa kando ya kitanda maneno yakiwa yamemjaa mdomoni, akauliza kama chakula cha pale kinalika. Mdogo wake akageukia ukutani. Mambo yakaishia hapo. Miaka saba baadaye, mke wa mzee alipofariki, mdogo wake alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya watu, mkono wa kulia ukiwa mfukoni mwa koti, akaondoka kabla udongo haujasawazishwa. Mzee alirudi kwenye nyumba yenye vyumba vitatu na mtu mmoja, akagundua kwamba kimya nacho kina uzito.

Asubuhi hii ya Jumanne alikuwa bado ameshika utepe wa suruali aliposikia hatua kwenye changarawe.

"Hodi, baba mkubwa."

Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo. Aligeuka taratibu, kama jina lake. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, na kovu dogo la kazi kwenye kidole cha shahada. Alikuwa na kipaji cha uso cha mdogo wake, na namna ile ile ya kuinamisha kichwa upande anapotazama kitu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa msichana wa shule, soksi nyeupe hadi magotini.

"Karibu," mzee alisema. "Karibu, mwanangu. Umekuwa mkubwa."

"Ndiyo kawaida yake, baba mkubwa. Miaka haiombi ruhusa." Alitabasamu kidogo. "Nimekuja kujifunza. Gobore la baba limetundikwa ukutani miaka yote hii, na kazi yangu ni kulifuta vumbi tu. Nimechoka kulifuta. Nataka nilisikie. Wa chama wameniambia bila sahihi yako sipewi hata punje."

"Baba yako anajua umekuja?"

"Anajua. Alinyamaza siku mbili, akasema nenda." Akacheka. "Halafu nikiwa mlangoni akaniita. Akasema, ukifika, kabla ya yote, muulize baba yako mkubwa kipimo kiko wapi. Nikamwambia, si watanipa huko huko? Akasema, wewe muulize tu."

Mzee alilishika bomba la maji, ingawa hata ndara alikuwa hajazivaa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akilisubiri swali hili lije kwa barua, kwa mwanasheria, kwa ngumi. Limekuja na msichana mwenye tabasamu asiyejua alichobeba.

"Vipo," alijibu. "Ndani vipo vingi."

Mara akajichukia kwa jibu hilo. Ili asiendelee kulisikia masikioni, alimkazia macho mgeni wake na kuona alichovaa. "Hilo koti ni la nini?"

"La baridi, baba mkubwa."

"Ni la nailoni. Linakwaruza, linashika umeme. Ukiingia nalo humu, hiyo baridi hutaisikia tena. Livue. Na simu, na saa ya mkononi, na hivyo viatu."

"Saa pia?" Alisita. "Saa sijawahi kuivua, mimi fundi saa."

"Fundi saa ni baba yako."

"Alikuwa." Alifungua mkanda wa saa polepole. "Kwa mkono ule hawezi kushika hata skrubu ya miwani. Anakaa kwenye stuli, ananiambia, mimi nafanya. Mwanzoni alikuwa akiniambia huku ametazama pembeni, maana akinitazama vidole alilia." Aliiweka saa kwenye kishubaka, karibu na simu ya mzee. "Sasa halii. Sasa ananigombeza tu."

Alivua viatu. Jozi mbili zikakaa mlangoni, na mzee akaziangalia kitambo kuliko ilivyohitajika.

Ndani, msichana alikuwa mwanafunzi asiyehitaji kuambiwa mara mbili. Vidole vilivyozoea magurudumu madogo ya saa vilifungua kopo bila kulikwangua. Alimimina baruti kutoka kopo hadi pembe kwa faneli ya shaba, nyembamba, bila punje kuruka. Akafunga kopo, akalirudisha rafuni, lebo mbele. Mzee hakuwa amemwambia habari ya lebo.

"Kwa nini imegeukia mbele?" mzee aliuliza.

"Ili anayekuja baada yangu asibahatishe."

Walitoka hadi kwenye meza ya uwanjani, gobore la mafunzo likiwa wima kwenye kishikilio chake. Mzee alieleza, naye akatenda. Ukipiga, subiri. Hesabu pumzi zako. Kitambaa chenye unyevu kwenye ncha ya mdeki, shusha hadi chini, zungusha, toa, tazama kama kina weusi tu au kina moto. Rudia kwa kitambaa kikavu. Sasa pembe.

Msichana aliishika pembe, akanyoosha mkono wa pili bila kutazama, kama fundi anayeomba bisibisi.

"Kipimo, baba mkubwa."

Mzee alikuwa nacho mkononi, kile kipya cha kila siku. Alimpa. Aliona pembe ikiinama, baruti ikijaa, ikisawazishwa kwa kidole. Aliona pembe ikifungwa na kuwekwa nyuma, mbali. Aliona uso ukigeuzwa pembeni na kipimo kikimwagwa ndani ya mtutu. Muda wote ule haukuzidi sekunde kumi na mbili. Sekunde kumi na mbili! Hata siku ile zingetosha.

Goroli ikafuata, mdeki ukashindilia, fataki ya kuwashia ikawekwa mwisho kabisa kama inavyopaswa. Mlio ulipotoka, ndege waliruka kwenye ukuta wa mbali, na moshi mweupe ukawafunika wote wawili. Msichana alikohoa akicheka.

"Kumbe linasema hivi!" alisema. "Baba alikuwa akiiga kwa mdomo. Hakuwahi kulipatia."

Baada ya hapo palibaki daftari.

Walikaa ofisini, kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki. Mzee alilifungua ukurasa wa sita, akalisogeza, kisha akalivuta tena kwake. Msichana alikuwa na kalamu tayari.

"Nasoma kwa sauti, sivyo? Wameniambia." Aliinamisha kichwa upande. "Najua ni ya nani, baba mkubwa. Usijali, nimeizoea. Tulikua nayo mezani kama chumvi."

Alianza kusoma. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika penye vidole, na hata pale ilikuwa ni kukwama kidogo tu. "Sababu," alisoma, "uzembe wa mpigaji." Akashusha pumzi. "Ndivyo alivyotuambia mwenyewe. Akasema, nilikuwa na haraka, basi. Mwaka ule mimi nilipoacha shule ili nikae kwenye benchi lake, nilimwambia neno baya. Nilimwambia, baba, kwa ajili ya haraka yako mimi ndiye nimekuwa vidole vyako. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha saa ambacho kilikwisha kufutwa."

Aliinamisha kalamu penye nafasi ya sahihi.

"Usisaini," mzee alisema.

"Nimekosea kitu?"

"Wewe hujakosea." Aliona mikono yake mwenyewe juu ya meza, mikono yenye vidole kumi, akaiondoa. Alikuwa amelipanga jambo hili kwa miaka mingi, usiku na mchana, kwa maneno mazuri yenye mwanzo na mwisho. Sasa maneno yote mazuri yalimkimbia na kumwachia yale mabaya. "Hakuwa na haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Aliniuliza kipimo kiko wapi. Kilikuwa mfukoni mwangu, sikujua. Nikamwambia mimina tu, saa inakwenda. Alimimina kwa sababu nilimwambia. Hayo maneno matatu niliyaandika kesho yake, nikijua."

Msichana aliiweka kalamu mezani. Nje, mtu alikuwa akifagia changarawe.

"Kwa hiyo hakuwa..." alianza, akaacha. Akaanza tena kwa sauti ya chini. "Mimi nimemkasirikia miaka kumi na moja. Mama naye. Mama alikuwa akimwambia mbele ya wageni, huyu bwana alijikata mkono kwa papara. Naye ananyamaza. Alikuwa anakulinda wewe?"

"Sijui. Labda alikuwa ananisubiri."

"Na wewe ukasubiri nini?"

Mzee alinyanyuka, akaenda ghalani, akavua viatu hata kwa jambo hilo, akapanda kigoda na kuingiza mkono nyuma ya makopo ya rafu ya juu kabisa. Alirudi na kifurushi cha kitambaa alichokificha huko miaka yote. Ndani yake palikuwa na kipimo cha shaba, kifupi kama kidole gumba, kimekuwa cheusi kwa kutoguswa.

"Hiki ndicho," alisema. "Mpelekee."

Msichana alikitazama. Macho yalikuwa yamejaa, lakini mkono hakuunyoosha.

"Hapana, baba mkubwa. Usinitume. Nimetumwa vya kutosha katika jambo hili." Alisimama. "Swali nimelileta. Jibu lipeleke mwenyewe."

Alipitia mlangoni pa ghala akachukua koti lake la nailoni, saa yake, simu yake. Aliondoka bila kuaga, na kwa malezi aliyopewa, jambo hilo lilikuwa sawa na kupiga kelele.

Mzee alivuta daftari. Alikata maneno yale matatu kwa mstari mmoja, ili yaendelee kusomeka, kisha akaandika pembeni yake: *Sababu: mtunza baruti alichukua kipimo mezani, akamwamuru mpigaji amimine bila kipimo.* Akatia sahihi, na tarehe ya leo. Ufunguo wa ghala aliufunga ndani ya bahasha pamoja na daftari, akaandika juu yake cheo cha mwenyekiti wa chama, akamkabidhi mfagiaji. Alijua mwenyekiti ni mtu wa haki na kwamba haki haitamrudishia ufunguo. Bila ghala hakuwa na pa kwenda asubuhi. Jambo hilo lilimtisha kuliko baruti ilivyowahi kumtisha, na bado alitembea.

Duka la saa lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya kituo cha posta, chumba kimoja chenye kaunta ya kioo na mlango ulio wazi. Hakuwa ameukanyaga uchochoro ule tangu ajali. Saa za ukutani zaidi ya ishirini zilikuwa zikigonga, kila moja na wakati wake. Kwenye benchi msichana alikuwa ameinama, lenzi jichoni, pua nyekundu. Kando yake, kwenye stuli, alikaa mwanamume mwenye mvi ambazo mzee hakuwahi kuziona zikiota.

Mzee alisimama kizingitini. Alitoa kifurushi, akakifungua, akakishika kipimo kwenye kiganja.

"Uliuliza kipimo kiko wapi," alisema. "Kilikuwa mfukoni mwangu."

Saa ziliendelea. Mdogo wake alinyoosha mkono wa kulia, ule ambao mzee hakuwa ameuona tangu hospitalini, akakichukua kipimo kwa vidole viwili vilivyobaki. Ilimbidi akibane kwa ufundi ili kisianguke. Alikigeuza kwenye mwanga.

"Ni kidogo hivi," alisema. "Nilikuwa nakikumbuka kikubwa."

"Nisa—"

"Ama ingia ama toka. Unamzibia mtoto mwanga."

Mzee akainama mlangoni. Hakuwa akifikiri, mikono ilifanya ilivyozoea mbele ya kila mlango uliohitaji heshima yake. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimekwisha kutoka aliposikia sauti ya mdogo wake tena, imechoka, na ndani yake kitu ambacho hakikuwa msamaha bado, lakini kilikuwa kikikaa karibu nao.

"Vaa kiatu chako, kaka. Humu hamna kinacholipuka."

Mzee alikirudisha kiatu mguuni. Kamba ilimshinda mara ya kwanza, kisha mara ya pili, ingawa alikuwa na vidole vyote kumi. Ilimchukua muda mrefu. Mdogo wake alikaa kwenye stuli, kipimo mkononi, wala hakumharakisha.